Kichwa cha Mkizi, Tijara ya Mvuvi

Kiswahili kina jina la kupendeza kwa lile bao ambalo mchezaji hujirusha mbele mzima mzima, mwili ukalala hewani, na mpira ukakutana na paji la uso wake. Tunaliita kichwa cha mkizi. Aliyelibuni alikuwa mshairi, hata kama hakuwahi kuandika ubeti mmoja: aliona mtu akiruka uwanjani, akamkumbuka samaki akiruka majini, akaviunganisha. Lakini mkizi huyo huyo ana methali yake, na wapenzi wa fasihi mnaijua: hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Mkizi akipandwa na ghadhabu huruka, na akiruka huangukia ndani ya chombo. Anayefaidi si yeye. Ni yule aliyekaa chomboni akisubiri.

Leo nataka kuiweka methali hiyo kando ya bao hilo. Najua kuna atakayeuliza mpira umeingiaje hapa, mahali tulipozoea kujadili riwaya na diwani. Umeingia kwa mlango wa maneno. Namna tunavyousimulia mpira wa kichwa, redioni, magazetini, vibandani na hata kwenye hadithi zetu, imetuzuia kuona kitu ambacho wenzetu wamekwisha kukiona na kuanza kukiogopa.

Chukua mfano wa mabao ambayo Mtanzania yeyote mpenda soka anayakumbuka. Tarehe 5 Novemba 2019, Mbwana Samatta aliifungia Genk bao Anfield dhidi ya Liverpool, kona imepigwa, akaruka, kichwa. Tarehe 1 Februari 2020, mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa, akafunga dhidi ya Bournemouth, kichwa tena. Tarehe 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Manchester City, krosi ya El Ghazi, Samatta akajirusha: kichwa cha mkizi, kama kilivyoandikwa kwenye kamusi. Mechi zote tatu timu yake ilifungwa 2-1, na wala hatukujali. Kijana wa Mbagala alikuwa ameweka jina lake pale ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kuliweka.

Sasa sikiliza tarehe nyingine. Tarehe 21 Oktoba 2019, wiki mbili tu kabla ya lile bao la Anfield, ulichapishwa utafiti mkubwa kutoka Glasgow ulioonyesha kwamba wachezaji wa zamani wa soka la kulipwa nchini Scotland walikufa kwa magonjwa ya kuharibika kwa ubongo mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine. Na tarehe 24 Februari 2020, siku sita kabla ya mkizi wa Wembley, vyama vya soka vya Uingereza, Scotland na Ireland ya Kaskazini vilitoa mwongozo kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe tena kupiga kichwa mazoezini. Habari zote zilitoka nchi ile ile, majira yale yale. Mabao yalitufikia kwa shangwe. Utafiti na mwongozo vilipita juu ya vichwa vyetu kama krosi mbovu.

Nieleweke vizuri: simzungumzii Samatta kama mgonjwa, na hoja yangu haihusu mabao matatu. Bao la kichwa ni jambo adimu, ndiyo maana tunalikumbuka kwa tarehe. Hoja yangu inahusu vile vichwa ambavyo hakuna anayevikumbuka: vya mazoezini Jumanne asubuhi, vya kocha anayerusha mpira mara hamsini kwa mstari wa watoto wa miaka minane, vya beki anayerudisha mipira ya kipa kutoka katikati ya uwanja, msimu baada ya msimu. Haba na haba hujaza kibaba. Tumezoea kuitumia methali hiyo tukihimiza akiba. Haikusema kibaba lazima kijae kitu kizuri.

Tuanze na mtu mmoja, maana takwimu bila mtu hazishiki. Jeff Astle alikuwa mshambuliaji wa West Bromwich Albion. Alifunga mabao 174 katika mechi 361, na sifa yake kubwa ilikuwa vichwa. (Bao lake maarufu kuliko yote, lililoipa klabu hiyo Kombe la FA mwaka 1968 dhidi ya Everton, alilifunga kwa mguu. Ndivyo ilivyo.) Alifariki Januari 2002 akiwa na umri wa miaka 59 tu. Miaka yake ya mwisho akili ilikuwa imemtoka. Binti yake, Dawn, amesimulia mara nyingi kwamba baba yake alifika mahali asijue kuwa aliwahi kuwa mchezaji mpira. Hebu fikiria: uwanja mzima unakumbuka jina lako, wewe pekee hulikumbuki.

Novemba mwaka huo huo, ofisa wa serikali anayechunguza vifo alitoa uamuzi wake kuhusu kilichomuua Astle. Hakusema uzee, maana hapakuwa na uzee wa kusingizia. Alisema ni ugonjwa wa kazini. Yaani kundi lile lile la mchimba madini aliyejaza vumbi kifuani. Kazi yake ilikuwa kupiga mpira kwa kichwa, na kazi hiyo ndiyo iliyomuua. Mwaka 2014 daktari Willie Stewart wa Glasgow aliuchunguza upya ubongo wa Astle na kuukuta na maradhi yanayofahamika kwa kifupi kama CTE, maradhi ambayo tangu mwaka 1928 yalikuwa yakielezwa kwa mabondia waliopigwa ngumi mpaka wakawa watu wa kuyumbayumba na kusahau.

Kutoka uamuzi ule wa 2002 mpaka utafiti ule wa 2019 ni takriban miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku ya uamuzi alikuwa tayari anaingia timu ya vijana, ameshapiga vichwa vyake elfu kadhaa. Huyo ndiye mkizi. Na aliyekuwa chomboni miaka yote 17 akihesabu mapato ya haki za televisheni, mnamjua.

Tena si mara ya kwanza mvuvi kufanya hivyo. Mwaka 2002 huo huo, kule Pittsburgh, daktari Mnigeria aitwaye Bennet Omalu aliupasua ubongo wa Mike Webster, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, akakuta CTE. Alipochapisha matokeo yake mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi ile waliandika wakitaka makala yake ifutwe. Mwafrika aliyesoma alama kwenye ubongo wa mtu aliambiwa hajui kusoma. Leo kila mtu anaijua CTE kwa sababu yake.

Sasa turudi kwenye utafiti wa Glasgow, kwa sababu wapinzani wa hoja hii hupenda kuutaja nusu nusu. Watafiti waliwachukua wachezaji wa zamani 7,676 waliozaliwa kati ya 1900 na 1976, wakawalinganisha na watu 23,028 wa umri na maisha yanayofanana nao. Walikuta nini? Kwanza, mpira ni mzuri kwa moyo na mapafu: wachezaji walikufa kidogo zaidi kwa maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Hilo nalikubali kwa mikono miwili. Pili, magonjwa ya ubongo yalikuwa ndiyo sababu kuu ya kifo kwa asilimia 1.7 ya wachezaji, dhidi ya asilimia 0.5 ya wale wengine. Asilimia 1.7 si wengi, na sitaki kumtisha mtu kwamba kila straika atapotea njia ya kwenda kwake. Lakini ni zaidi ya mara tatu, na kwa ugonjwa wa Alzheimer peke yake ilikuwa karibu mara tano.

Kisha mwaka 2021 timu hiyo hiyo ikauliza swali ambalo mpenda soka yeyote angeuliza: je, nafasi uwanjani ina tofauti? Ina. Mabeki ndio walioongoza, karibu mara tano ya watu wa kawaida. Makipa, ambao hushika mpira kwa mikono, hawakuonyesha ongezeko la kuaminika kitakwimu. Na kadiri mtu alivyocheza miaka mingi ndivyo hatari ilivyopanda. Mwaka 2023 Wasweden nao wakatoa yao, wachezaji 6,007 wa ligi yao ya juu kuanzia 1924 hadi 2019: hatari mara moja na nusu, ndogo kuliko ya Scotland, lakini kipa kule pia hakuwa na ongezeko. Nchi mbili, timu mbili za watafiti, na kipa yuko salama kote kuwili.

Hapa wapenzi wa vitabu niwachokoze kidogo. Albert Camus alikuwa kipa huko Algiers ujanani. Vladimir Nabokov alikuwa kipa akiwa mwanafunzi Cambridge. Wawili kati ya waandishi wakubwa wa karne iliyopita walioupenda mpira waliutazama kutoka golini, wakiwa na glavu na nafasi ya kuwaza. Sisemi fasihi ina makosa kwa hilo. Nasema beki wa kati hajapata mwandishi wake. Yule aliyekuwa akiruka mbele ya Camus kuziondoa krosi, nani aliandika habari zake, na je, yeye mwenyewe angekumbuka za kusimulia?

Haya, twende kwenye visingizio. Vipo vinne, na nimevisikia vyote vijiweni.

Cha kwanza: "Hiyo ilikuwa mipira ya zamani ya ngozi, ikilowa inakuwa tofali. Ya sasa ni mepesi." Kinasikika vizuri, kina nusu ya ukweli. Ni kweli mpira wa ngozi ulikunywa maji. Lakini mpira mkavu wa zamani na mpira wa leo una uzito karibu ule ule; kanuni za leo zinataka gramu 410 hadi 450. Kilichobadilika ni kwamba wa leo haulowi, na pia unakwenda kwa kasi zaidi. Kinachoumiza ni uzito na mwendo pamoja, muulize yeyote aliyewahi kupigwa na embe lililotupwa na la kudondoka. Na watafiti wa Glasgow walipowagawa wachezaji kwa miaka ya kuzaliwa, hawakuona hatari ikipungua kwa waliozaliwa baadaye.

Cha pili: "Haijathibitishwa kwamba ni vichwa." Kweli, tafiti zile zinaonyesha uhusiano, hazikumfuata mchezaji mmoja mmoja zikihesabu kila mguso. Mabeki pia hugongana vichwa kwa vichwa, huanguka, hupigwa viwiko. Lakini unganisha unachokiona. Kipa hapigi vichwa, yuko salama. Beki anapiga vingi, yuko hatarini zaidi. Mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Stirling waliwachukua wachezaji 19, wakawapigisha vichwa 20 mipira ya mfano wa kona, halafu wakawapima kumbukumbu. Ilishuka kati ya asilimia 41 na 67, kisha ikarudi kawaida ndani ya saa 24. Vichwa 20! Hayo ni mazoezi ya nusu saa. Inarudi, ndiyo. Swali ni la yule anayepiga tena kesho kabla haijarudi.

Na jinsi inavyotokea si siri. Ubongo ni kitu laini kinachoelea kwenye maji ndani ya fuvu. Kichwa kikisimama ghafla au kikazungushwa ghafla, wenyewe unaendelea na safari, nyuzi zake zinavutika. Mtu hahitaji kuzimia. Na ubongo wenyewe hauna neva za kuhisi maumivu. Ukiumia kidole utalia; ubongo ukiumia kidogo kidogo hausemi kitu kwa miaka thelathini. Ndiyo maana "mbona mimi nilipiga vichwa na niko sawa" si hoja. Mvutaji sigara wa miaka ishirini na tano naye yuko sawa.

Cha tatu ndicho kinachoniudhi kuliko vyote: "Mtawafanya watoto wawe mayai." Hiki ni cha wanaume wanaotaka watoto wa wengine wawe majasiri kwa niaba yao. Angalieni lugha tunayotumia kwa beki. Tunamwita kisiki. Tunamwita chuma. Tunamwita mwamba. Vyote vitatu ni sifa, na vyote vitatu ni vitu visivyo na ubongo. Akigongwa akaanguka, daktari wa timu anakimbia na chupa, anamwagiwa maji utosini, anainuka akiyumba, uwanja unapiga makofi na mtangazaji anasema "mwanaume huyo". Mwaka 2014, kwenye fainali ya Kombe la Dunia, mbele ya dunia nzima na madaktari wa Ujerumani, Christoph Kramer aligongwa na bega kichwani, akaendelea kucheza kama dakika 14, mpaka akamfuata mwamuzi na kumwuliza kama hii ndiyo fainali. Hakujua yuko wapi. Ikiwa pale, kwenye uwanja wenye kamera kila kona, ilichukua dakika zote hizo, itakuwaje kwenye uwanja wa vumbi ambao sanduku la huduma ya kwanza ni ndoo ya maji?

Tena huo uanaume wenyewe hauwahusu wachezaji wote. Wasichana wetu wanacheza, Twiga Stars na Harambee Starlets si timu za kusindikiza. Utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2018, ukiwalinganisha wanaume na wanawake wanaopiga vichwa kwa kiwango kinachofanana, ulikuta mabadiliko kwenye ubongo wa wanawake yakiwa mapana zaidi. Shingo ndiyo breki ya kichwa. Mwenye shingo nyembamba ana breki ndogo, na mtoto ana breki ndogo kuliko wote, huku kichwa chake kikiwa kikubwa ukilinganisha na mwili.

Cha nne kinavaa suti ya busara: "Sisi tuna malaria, tuna shule hazina madawati, wewe unatuletea magonjwa ya Wazungu." Ugonjwa wa kusahau hauna Uzungu wala Uswahili. Tofauti ni kwamba kule mzee akianza kupotea njia anapelekwa kupimwa. Kwetu tunasema "ni uzee huo", na tukikosa subira tunaanza kumtafuta aliyemroga. Kule kuna nyumba za kuwatunza, na bado mzigo unawashinda. Kwetu nyumba ya kumtunza ni mke wake, ambaye naye ni mzee, au binti aliyeacha biashara yake ya genge akarudi nyumbani kumlisha baba kwa kijiko na kumfungia mlango usiku asitoke. Mwenye vipimo na wauguzi akiogopa, asiye navyo anapata wapi ujasiri?

Na kubwa zaidi: hiki ninachokitaka hakina gharama. Chandarua kinanunuliwa, dawati linanunuliwa. Kumwambia kocha asirushe mipira kichwani kwa watoto ni bure. Ni kuacha kufanya kitu.

Wenzetu wameacha. Marekani, baada ya wazazi kwenda mahakamani, ilipiga marufuku mwaka 2015 vichwa kwa watoto wa miaka 10 na chini, na kuvipunguza mazoezini kwa wa miaka 11 hadi 13. Uingereza, baada ya ule mwongozo wa 2020, iliwawekea hata wanasoka wa kulipwa kikomo mwaka 2021: vichwa vya nguvu visizidi 10 kwa wiki mazoezini. Scotland mwaka 2022 ikazitaka klabu zake zisifanye mazoezi ya vichwa siku moja kabla ya mechi na siku moja baada yake. Na kuanzia msimu wa 2024/25, watoto wadogo wa Uingereza wameanza kucheza mechi zenyewe bila kichwa, ikianzia kwa walio chini ya miaka 9 na kupanda hatua kwa hatua. Mpira haujafa. Watoto wanaupiga chini, wanatazamana, wanapasiana. Kuna makocha wa kwetu wangetoa chochote kuona hilo.

Nchi hizo hazikufanya hivyo kwa sababu zina huruma kuliko sisi. Zilifanya kwa sababu mashujaa wao walianza kuanguka mmoja mmoja hadharani. Katika wachezaji 11 walioanza fainali ya 1966, ile ambayo Waingereza hawajaacha kuiimba, watano walipatwa na ugonjwa wa kusahau: Ray Wilson, Martin Peters, Jack Charlton, Nobby Stiles na Bobby Charlton. Wote sasa ni marehemu, wa mwisho akiwa Bobby, Oktoba 2023. Bellini, nahodha wa Brazil ya 1958, aliyelinyanyua kombe juu ya kichwa chake na picha yake ikazunguka dunia, alifariki 2014 na ubongo wake ukakutwa na CTE. Watu watano au sita si takwimu, najua. Lakini taifa huamshwa na majina.

Sisi majina yetu hatuyafuatilii. Na hapa ndipo suala hili linapoingia kabisa kwenye uwanja wetu wa vitabu. Historia ya soka la Afrika Mashariki haijaandikwa vya kutosha. Gossage, Chalenji, zile safari za timu kwa treni na meli, nani alimkaba nani, mechi gani iliishia gizani: sehemu kubwa bado imo vichwani mwa wazee wenyewe. Tunapomwacha mzee wa aina hiyo asahau bila hata kujiuliza kwa nini anasahau, tunapoteza mambo mawili, mtu na maktaba. Ningependa kusoma tawasifu ya beki wa kati wa miaka ya sabini. Ningependa isimuliwe na yeye, si na mkewe anayemkumbusha.

Kiswahili kwa kweli kilishajua kichwa ni nini. Mtoto mwerevu tunasema ana kichwa. Mzembe tunamwambia tumia kichwa. Behewa linalovuta mengine yote tunaliita kichwa cha treni. Kisha Jumamosi asubuhi tunamsimamisha yule yule mwenye kichwa, ana miaka tisa, na kocha anapaza sauti, "Weka kichwa!" Anafumba macho, anaweka. Hajakubali chochote, hana umri wa kukubali. Mtu mzima aliyeambiwa ukweli na akachagua kuruka, na aruke, ni maisha yake na kazi yake. Mtoto hajachagua.

Kwa hiyo nataka mambo haya, na nayataja bila kuzunguka. TFF, FKF na wenzao waandike, kwa Kiswahili cha kusomeka na kocha wa mtaani, kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 hafundishwi kichwa. Liwemo kwenye UMITASHUMTA, liwemo kwenye akademia, liwemo kwenye mashindano ya chandimu yenye mbuzi kama zawadi. Wa miaka 12 mpaka 18 wafundishwe kidogo, kwa mpira mwepesi, na kwa kuhesabu. Ligi zetu zitumie ruhusa ambayo kanuni za mchezo zinaitoa, ya mabadiliko ya ziada ya kudumu kwa mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo, ili kocha asiwe na sababu ya kumbakiza kisiki wake anayeyumba. Na chama cha wachezaji wastaafu, popote kilipo, kiwatembelee wazee wake kikiwa na daktari, si picha ya pamoja tu na kilo mbili za sukari.

Kwetu sisi wa kalamu na maikrofoni kuna kazi pia. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika litachezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Mechi zitasimuliwa kwa Kiswahili kuliko AFCON yoyote iliyowahi kuwepo, na watoto watakuwa wanasikiliza ili kesho yake waige. Siku mchezaji atakapogongana kichwa, akalala, akainuka akipepesuka na kukataa kutoka, mtangazaji ndugu yangu, usimwite chuma. Sema jina lake, sema amegongwa kichwani, sema anapaswa kutoka. Sema hivyo hivyo, hata kama ni wa timu yetu, hata kama ni dakika ya tisini, hata kama tunaongoza kwa bao moja.